Mawe ya Tulwop Kong'ony

Warigia hakumwamini mtu aliyepanda mlima akashuka mikono mitupu. Mtu akipanda kutafuta kuni, sawa. Akipanda kumfuata mbuzi aliyepotea, au kurina asali, au kumkimbia mkewe, hayo yote Warigia aliyaelewa. Lakini mtu mzima mwenye viatu vizuri na soksi zilizovutwa hadi magotini, anayeacha nyumba yake Eldoret Jumapili asubuhi, akapanda hadi kileleni, akasimama, akatazama, akanywa chai, kisha akashuka? Huyo alikuwa na lake jambo. Na miaka ile, miaka ya kwanza baada ya uhuru, jambo lilikuwa moja tu, nalo ni ardhi.

Tulwop Kong'ony ni kilima cha mwisho kabla nchi haijakatika. Upande wa magharibi kuna tambarare ya ngano na mahindi inayoteremka polepole kuelekea mjini. Upande wa mashariki hakuna kitu: ukuta wa mawe unashuka ghafla hadi bonde la Kerio, na ng'ombe walio huko chini hawaonekani hata ukikaza macho. Wenyeji walikipa jina hilo kwa sababu ya korongo wenye shungi waliopenda kutua kwenye nyasi zake. Halmashauri ilikuwa imeutenga msitu wake uwe hifadhi, mahali pa watu kutembea na kujionea mandhari, ikamweka Kipyego, askari wa msitu mwenye koti refu na maneno machache, aulinde. Chini ya hifadhi kulikuwa na shamba la Mzungu aliyefunga virago akaenda zake. Shamba hilo lilinunuliwa na kampuni ya watu waliotoka Nyeri na Murang'a, na Warigia alikuwa mmoja wa wenye hisa. Walikaa kwenye vibanda vya vibarua wa zamani, wakingoja kila mtu aokote kura yake, kisha shamba lipimwe.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo. Zamani, kule Nyeri, Warigia alikuwa mwanamke mcheshi, wa kumwazima jirani jembe bila kuuliza litarudi lini. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Mumewe Githinji alichukuliwa akapelekwa kizuizini Manyani, na yeye na binti yake Nyakio wakahamishiwa kijiji kilichozungushiwa waya na handaki. Siku moja, akiwa handakini anachimba kwa amri, wapima ardhi walipita shambani kwao na vigingi vyao. Alipopata ruhusa ya kwenda kuchuma mboga alikuta vigingi vimepita katikati ya viazi vyake, na mwanamume wa ukoo mwingine amesimama pale kana kwamba kitovu chake kilizikwa hapo. Alipolalamika aliambiwa kamati imekwisha kukaa, imekwisha kuamua, na yeye mbona hakuja? Githinji alirudi na kifua kibovu, akaishi kidogo, akafa akiwa amejengewa kibanda kwa hisani kwenye ardhi ya baba yake mwenyewe. Tangu hapo Warigia alilala jicho moja wazi.

Ndiyo maana, kampuni ilipofanya mkutano wake wa kwanza nje ya zizi la maziwa, ni yeye aliyesimama akadai sheria. Atakayegusa jiwe la mpaka afutwe. Hisa yake irudi kwa wengine, na yeye asikanyage tena hapa. Alisema kwa sauti ya juu, kidole kikiwa hewani, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti, mzee Waweru, ambaye hakuonekana bila kofia yake na fimbo yake, alisema mama huyu ana akili kuliko nusu ya kamati. Sheria ikapita bila kupingwa. Warigia aliketi akijisikia salama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Usalama huo ulidumu mpaka Ephantus alipoanza kupanga mawe.

Ephantus alikuwa mdogo wa marehemu Githinji, naye pia mwenye hisa. Alikuwa amempikia Mzungu wa shamba lile kwa muda mrefu, tena alikuwa akimbebea kikapu cha chakula kila alipokwenda kupanda kilima na wageni wake, hata akazijua njia zote za huko juu kuliko alivyojua njia ya kanisani. Mzungu alipoondoka, wale wageni hawakuondoka. Walikuja Jumapili kwa pikapu ya Aden, msafirishaji Msomali wa Eldoret: walimu wawili Wazungu, mkubwa wao akiitwa Mwalimu Paul, mara nyingine na rafiki zao, na Ephantus akiwaongoza. Aden naye, badala ya kulala garini kama dereva yeyote mwenye akili timamu, alivaa kofia yake akapanda nao. Hilo Warigia aliliweka akilini. Tangu lini mfanyabiashara akapanda mlima usio na duka?

Mawe yenyewe yalikuwa marundo ya kufika magotini, kila rundo na jiwe jeupe bapa juu yake. Yalianzia barabarani, yakapita kwenye ile kona ya kijito yenye udongo mweusi ambayo kila mwenye hisa aliiombea usiku na mchana, yakavuka ua wa hifadhi, yakapanda msituni. Warigia aliyafuata kwa macho hadi yalipomezwa na miti. Akamvizia Ephantus penye bomba la maji.

"Shemeji, hiyo mawe ni ya nini?"

"Ya njia tu. Huko juu ukungu ikikuja huoni hata mkono yako. Wageni wakifuata mawe, hawapotei."

"Njia inatengenezwa na miguu."

"Ya ng'ombe, ndiyo. Hii ni ya watu hawajui kwenda." Ephantus alicheka.

Warigia hakucheka. "Na huyo Mwalimu Paul, hiyo karatasi yeye hukunjua ni ya nini?"

"Ni ramani, shemeji."

Neno hilo lilitosha. Wapima wa Nyeri nao walikuwa na ramani. Nao walikuwa wapole, wakimwamkia kila mtu. Tena hawa walikuwa na darubini, na Warigia alikuwa amewaona kwa macho yake wakiwa juu ya mwamba, mmoja akinyoosha kidole kwenye ukingo wa kijito, mwingine akitikisa kichwa kukubali. Mtu anayetazama tu ananyoosha kidole cha nini?

Alimwendea Kipyego, akamkuta ameegemea lango la hifadhi akichonga kijiti. "Askari, hawa watu wanatafuta nini huko juu?"

"Wanaangalia tu, Mama."

"Wanaangalia nini?"

"Vile nchi ni mzuri."

"Na uzuri inaliwa?"

Kipyego aliendelea kuchonga. "Hata mimi nilikuwa nashangaa. Lakini nyinyi pia, Mama, mlikuja kwa lori siku ile ya kwanza, mkasimama hapa, mkaangalia, mkasema nchi ni mzuri. Halafu mkanunua. Na sisi tulikuwa tunawaona."

Warigia alirudi nyumbani maneno hayo yakimchoma, kwanza kwa sababu yalikuwa na ukweli ambao hakupenda kuuonja, na pili kwa sababu yalimthibitishia alilokuwa akilijua: kutazama ni hatua ya kwanza ya kununua. Kona ya kijito ilikuwa ikiuzwa kichinichini, na anayeiuza ni ndugu wa mumewe. Kwa kweli alimpenda Ephantus. Ndiye aliyebeba jeneza la Githinji upande wa kichwa. Ndiyo maana ilimuuma hadi akakosa hamu ya chakula.

Aseme wapi? Kwa kamati? Kamati ndiyo iliyomla Nyeri. Angoje? Alikuwa amengoja Nyeri pia. Akaazimia kujitetea mwenyewe.

Mawe ya shambani asingeweza kuyagusa, yangeonekana. Lakini ya msituni hayakuwa na mlinzi zaidi ya Kipyego na kijiti chake. Warigia alichukua kamba ya kuni, akajitia hamnazo, akapanda. Njia ilikuwa ndefu, na karibu na kilele marundo yalipinda kushoto kuelekea kwenye mwamba wa kutazamia. Hapo ndipo alipotua kamba. Akayabomoa yale ya kushoto, akayabeba jiwe kwa jiwe, akayapanga upya kulia, kwenye uwanda wa nyasi unaokwenda moja kwa moja hadi nchi inapokatika. Aliyapanga vizuri, kila rundo na jiwe lake jeupe. Mpaka ukiharibiwa kona moja, hesabu yote inagoma. Siku watakapokuja na mnyororo wao wa kupimia wangekuta mstari wao unaishia hewani. Basi na wagawane hewa! Alicheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Kwao kuhamisha jiwe la mpaka ni kujitakia laana, na hilo alilijua vyema. Lakini mpaka wa wizi si mpaka, alijiambia, na akashuka na mzigo wake wa kuni.

Jumapili iliyofuata aliwatangulia. Alitaka kuwasikia wakigundua, kwa maana mwizi akikuta mtego wake umeteguliwa hutoa siri mwenyewe. Alijificha kwenye vichaka vya mileleshwa kando ya uwanda ule, akajifunga shuka vizuri, akangoja. Kulikuwa na jua alipofika. Kisha bonde likaanza kutoa ukungu, mwembamba kwanza, halafu mzito, mpaka akawa haoni kichaka cha pili. Baridi ikamwingia mifupani.

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Viatu kwenye changarawe, kikohozi cha Aden, na sauti ya Ephantus ikisema, "Hapa ni jiwe lingine. Tufuate tu, tutafika." Halafu akasikia sauti ambayo hakuitarajia.

"Na kutoka huko juu tutaona shamba yote?" Alikuwa mzee Waweru. Mwenyekiti!

"Yote, mzee. Kona kwa kona."

Kumbe! Hata mwenyekiti! Warigia alijiuma mdomo. Basi kulikuwa na njama kubwa kuliko alivyodhani, na wote walikuwa pale, wakija mmoja nyuma ya mwingine, vivuli kwenye ukungu, Ephantus mbele. Wakampita karibu sana, karibu hata akasikia harufu ya tumbaku ya mwenyekiti. Rundo la kwanza. Rundo la pili. Na hapo tu, kwa kuchelewa ambako hakuja kujisamehe kamwe, akafahamu wanakoelekea.

Moyo wake ulimwambia nyamaza. Tuseme hivyo hivyo bila kuupamba. Ulimwambia: hukuwaita wewe, hukuwasukuma wewe, na wakishakwenda, kona ya kijito itabaki. Aliusikiliza moyo huo kwa hatua mbili tatu za Ephantus. Kisha akamwona Githinji mgongoni mwa mdogo wake, ile shingo iliyoinama mbele wakati wa kupanda, akaruka kutoka kichakani.

"Simameni! Mbele hakuna nchi!"

Vivuli vikasimama. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Warigia."

Halafu Ephantus akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea, "Umekuwa ukitufuata, shemeji?"

"Rudini nyuma, nimesema!"

"Mbona unajificha kwa kichaka? Hii njia naijua. Mawe nimeweka na mkono yangu."

"Anatuzuia tusione nini?" mzee Waweru akauliza. "Huyu mama tangu zamani ana maneno. Endelea, Ephantus."

Na Ephantus akainua mguu. Warigia aliona kwamba kelele haitasaidia. Walikuwa wakimtazama vile yeye alivyowatazama kiangazi kizima, kila neno lake likipimwa na kutupwa. Kulikuwa na neno moja tu ambalo wangeliamini, na neno hilo lilikuwa bei ya shamba lake. Alilifahamu hivyo kabisa. Sheria aliitunga mwenyewe, na mwenyekiti alikuwa pale akisikia.

"Mawe niliyahamisha!" alipiga kelele. "Mimi! Nilifikiri ni ya mpaka, nikayahamisha! Njia iko kushoto, hii inaenda kwa shimo!"

Aden aliinama, akaokota jiwe la ukubwa wa ngumi, akalirusha mbele ya Ephantus. Wakategea sikio. Jiwe halikusikika likianguka. Walingoja, na kutoka mbali sana huko chini, wakati walipokuwa wamekwisha kata tamaa, kikaja kishindo kidogo.

"Wallahi," Aden alisema polepole, akaketi palepale alipokuwa.

Wote waliketi. Hakuna aliyethubutu kusogea mpaka ukungu uondoke. Mwalimu Paul alitoa thamosi, akamimina chai, na kikombe cha kwanza akampa Warigia. Aliipokea kwa kuwa hakujua la kufanya. Mzee Waweru hakumtazama. Ephantus alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti.

Ukungu ulipoinuka, nyasi zilikuwa zimebaki kama upana wa kitanda mbele ya kiatu cha Ephantus. Bonde lote la Kerio likafunguka chini yao, jekundu na kijani, na milima ng'ambo. Warigia hakulitazama. Aligeukia upande wa pili, kwenye shamba, na kwa mara ya kwanza akaliona kutoka juu, lote, kona kwa kona kama Ephantus alivyosema. Aliyatafuta mawe. Yalikuwa yanapinda huku na huku yakikwepa matope na mashimo ya mhanga, hayakugawa kitu, hayakuzunguka kitu. Hakuna mpima duniani ambaye angechora mpaka wa namna ile. Ilikuwa njia.

"Nilimleta mzee aone mahali pa kupitisha barabara," Ephantus alisema bila kuulizwa. "Ili kila mtu afike kwa shamba yake."

Aibu ilimjaa Warigia hadi masikioni, akatamani ule ukungu urudi.

Kamati ilikaa mara tatu juu yake. Mzee Waweru alisema sheria ni sheria. Ephantus akauliza, mpaka gani ulioguswa? Mawe ya njia si mpaka, na msitu ni wa halmashauri, si wa kampuni. Mwenyekiti akajibu kwamba moyoni mwake mama huyu alihamisha mpaka, na mkono hufuata moyo. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwishowe hawakumfuta, lakini waliamua aokote kura ya mwisho, baada ya wote.

Siku ya kura, kikapu kilipomfikia kilikuwa na karatasi moja tu. Alipata ploti ya juu, chini ya ua wa hifadhi, yenye mawe mengi na mteremko. Ephantus alikuwa ameokota ile ya kijito yenye udongo mweusi, na watu walimbeba mabegani. Aliyepata ploti iliyopakana na ya Warigia, mzee Kabiru, aliitupa karatasi chini. Alisema hawezi kulala jirani ya mwanamke anayehamisha mawe. Angeamka asubuhi akute mpaka uko kitandani. Watu walicheka sana. Warigia alisimama pale wakicheka.

Ephantus aliiokota ile karatasi, akampa Kabiru ile yake ya kijito.

Wengi walimwona amerukwa na akili. Warigia hakuona hivyo. Aliona jambo baya zaidi. Nani huacha kijito akafuata mawe? Anataka nini? Kuna nini kwenye ploti hizi za juu ambacho yeye hakijui? Alimchunguza kwa jicho la pembeni alipojenga, alipolima, alipomletea Nyakio maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Ephantus hakueleza, naye hakuuliza.

Mpima wa serikali alipokuja aliweka mawe ya pembe tu. Mstari wa kati aliwaachia majirani waujaze wenyewe. Asubuhi hiyo Ephantus alikuja na wilbaro iliyojaa mawe, akaimwaga mbele ya Warigia, akaweka kamba juu yake.

"Panga wewe," alisema. Akageuka, akampa mgongo, akakaa chini akitazama kilima.

Warigia alisimama na jiwe mkononi. Aliangalia vichakani, kama kuna mtu ametumwa kumchungulia. Hakukuwa na mtu. Aliangalia tena. Shingo ya Ephantus ilikuwa imeinama mbele, imetulia, haikugeuka. Angeweza kusogeza mstari hatua moja, mbili, hata tano, na mtu yule asingejua, au angejua na asiseme. Akaweka jiwe la kwanza. Akaliondoa.

"Ephantus."

"Panga tu, shemeji. Mimi nakuamini."

Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa hasira kwa mkono wenye udongo. "Wacha kuniamini," alisema. "Geuka uangalie. Shika kamba hiyo upande ile."

Ephantus aliinuka, akajipangusa nyasi, akashika ncha ya kamba. Akarudi nyuma taratibu mpaka kamba ikanyooka kati yao.